Kishindo cha Ghorofa ya Nne

Wiki iliyopita tulimwacha Mzee Umakant mlangoni kwa Shamsa, jasho linamtiririka, kidole amekinyoosha mpaka karibu na pua ya mwenzake. "Ni wewe!" alikuwa akifoka. "Kila Jangwani wakifungwa bao, wewe unanipigia miguu kichwani!" Kabla Shamsa hajafungua kinywa, sakafu ikatetemeka.

Puu! Puu! Puu!

Basi tuendelee hapohapo.

Shamsa alikuwa amesimama mbele ya mzee, kofia anayoidarizi mkono mmoja, sindano mkono wa pili. Miguuni alikuwa na ndala, na ndala zimetulia sakafuni. Mzee Umakant akaziangalia zile ndala. Akamwangalia Shamsa usoni. Akaziangalia tena ndala.

"Mzee wangu," Shamsa akasema taratibu, "umeniona nimeruka?"

Kutoka chini, sebuleni kwa mzee, ukapanda mguno wa wazee wenzake waliokuwa wakitazama mpira. Ulikuwa mguno wa msiba. Mzee Umakant akashika fremu ya mlango.

"La pili," akanong'ona. "Tumefungwa la pili."

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, jua hivi. Kariakoo mtu huzaliwa na upande wake wa mpira. Kuna watu wa Jangwani, njano na kijani, na kuna watu wa Msimbazi, wekundu. Mzee Umakant, muuza vitambaa wa ghorofa ya tatu, ni Jangwani tangu ana meno ya utoto. Shamsa, mshona kofia wa ghorofa ya nne, hana timu. Hata televisheni hana. Lakini tangu ligi ianze, kila Jangwani wakifungwa, dari ya mzee hupigwa vishindo vitatu, na mzee amelalamika kwa msimamizi wa jengo mpaka msimamizi mwenyewe amechoka kumsikiliza. Onyo la mwisho limeshatolewa. Lalamiko moja zaidi, Shamsa ahame.

Na Shamsa hataki kuhama. Pale lilipo ghorofa hili ndipo ilipokuwa nyumba ya bibi yake, nyumba ya vyumba sita na ua wa saruji. Warithi waliiuza, ikavunjwa, ghorofa likapanda, na Shamsa akarudi kama mpangaji. Akikaa dirishani kudarizi, anajua kuwa chini yake, sawasawa, ndipo bibi alipokuwa akimsuka nywele. Mtu kama huyu unamwambia ahame aende wapi?

"Una mtu ndani!" Mzee Umakant alikuwa amezinduka.

"Karibu uangalie," Shamsa akasema, ingawa mgeni alishampita.

Mzee akainama chini ya kitanda. Akakuta sanduku la nyuzi. Akafunua pazia. Akakuta dirisha. Akaenda mpaka bafuni, akafungua mfuniko wa pipa la maji, akachungulia.

"Mzee, mtu akae ndani ya maji halafu aruke?"

"Watu wa Msimbazi nawajua mimi," mzee akajibu, sauti ikivuma ndani ya pipa. "Wanaweza chochote."

Walipotoka nje, ngazi zilikuwa zimejaa watu. Mbele alikuwa Leodegar, msimamizi wa jengo, mtu wa maneno machache na funguo nyingi. Nyuma yake alikuwa Mzee Bushiri wa ghorofa ya pili, mwenyekiti wa wakazi, ambaye huvaa skafu nyekundu ya sufu hata Dar es Salaam inapochemka. Leo skafu aliizungusha mara mbili.

"Binti Shamsa!" Mzee Bushiri akapaza sauti. "Njoo nikupe mkono! Vishindo vya leo vimenifikia mpaka mimi huko chini. Vilikuwa vitamu!"

"Shikamoo, mzee. Lakini mimi sijapiga kitu."

"Marahaba. Ndiyo maana tunakupenda. Huna makuu."

"Sijapiga, wallahi! Sijui hata nani amecheza na nani!"

"Mnamsikia?" Mzee Bushiri akawageukia wenzake wa Msimbazi waliojazana ngazini. "Anakanusha kama mchezaji mkubwa. Watu wangu, hata kama amepiga, ana haki yake!"

Ngazi zikalipuka kwa makofi. Mtu mmoja akamrushia Shamsa kitambaa chekundu, kikamtua begani. Masikini Shamsa! Anaowachukiza wanamtaka ahame, wanaompenda wanazidi kumtia hatiani.

Leodegar akatikisa funguo zake, watu wakanyamaza.

"Mlango wa pili hapa ni wa nani?" akauliza. Kila ghorofa ya jengo lile ina milango miwili.

"Ni stoo yangu ya vitambaa," akajibu Mzee Umakant. "Angalia kufuli hilo. Ufunguo mmoja tu, unaning'inia kwenye msumari jikoni kwangu. Au unataka kusema majora yangu ya kitenge yana miguu?"

Leodegar akavuta kufuli. Lilikuwa limefungwa barabara.

"Kwa kweli katika jengo hili mwenye bahati ni mke wangu tu," mzee akaendelea. "Mama Akash mpira hautaki kabisa. Siku ya mechi huenda zake Upanga kwa dada yake Dipti, apumzishe masikio."

"Ndiyo natoka huko," ikasema sauti nyuma ya watu.

Alikuwa Bi Rekha mwenyewe, ambaye mumewe humwita Mama Akash, mama mnene mpole, mkoba kwapani, paji la uso linang'aa jasho. Hakuna aliyejiuliza ametokea upande gani wa ngazi.

"Shikamoo, Bi Rekha," Shamsa akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Bi Rekha hakumtazama machoni. "Poleni. Kumetokea nini tena?"

"Tena uliza!" mumewe akafoka. "Leodegar, mimi nimemaliza. Huyu binti anahama au hahami?"

Leodegar akavuta pumzi ndefu. Shamsa alimwona anafungua kinywa, akajua likitoka neno pale halitarudi. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Jangwani wanacheza tena lini?"

"Jumatano saa kumi jioni," wakajibu watu wote kwa pamoja, wa Jangwani na wa Msimbazi.

"Basi Jumatano nitakuja kukaa sebuleni kwako, Mzee Umakant. Mbele ya macho yako, mwanzo mpaka mwisho. Kishindo kikisikika nami niko pale, utajua si mimi."

Mzee Umakant akafikiri. Lilikuwa wazo zuri, na lilimuudhi kwamba si lake.

"Na kisiposikika?"

"Kisiposikika," akasema Leodegar, "Shamsa atafute nyumba nyingine. Nami nitakuwepo."

Wakapeana mikono. Watu walipokuwa wanashuka, Mzee Bushiri akabaki nyuma, akamvuta Shamsa pembeni.

"Binti, hapo umejifunga mwenyewe. Kile kishindo huja pale tu Jangwani wanapofungwa, sivyo?"

"Ndivyo anavyosema."

"Sasa Jumatano wasipofungwa?"

Shamsa akaketi ngazini, kofia magotini. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jioni ile, kama ilivyokuwa kila baada ya malalamiko, Bi Rekha alimpelekea sahani ya kachori, imefunikwa kwa kitambaa safi. "Ule, mwanangu," alisema, akaondoka haraka. Shamsa alikula, akamwombea dua. Katika nyumba ile, aliwaza, angalau mmoja ana utu.

Jumatano ikafika. Sebule ya Mzee Umakant ilijaa wazee wa Jangwani waliovaa jezi za njano juu ya misuli na suruali za heshima. Shamsa alipewa kiti katikati, chini ya feni, mahali ambapo kila mtu angemwona. Alikuja na kofia yake na sindano. Leodegar alisimama mlangoni. Mzee Bushiri alikatazwa kuingia na skafu, akakataa kuivua, kwa hiyo alikaa ngazini na redio yake.

"Mama Akash!" mwenye nyumba akaita. "Leo Upanga huendi. Wageni hawa watakula nini?"

Bi Rekha akatokea na sinia la bajia na chai ya maziwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitiwa msiba wa mbali.

Mpira ukaanza. Shamsa akajaribu kudarizi, uzi ukamkatika. Akatunga mwingine, ukakatika pia. Akaiacha kofia magotini, akaitazama televisheni kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye shida nayo. Jangwani walikuwa wanacheza na timu ya mkoani ambayo jina lake alilisikia siku ileile, na tayari alikuwa anaipenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

"Hawa wa mkoani wanafunga upande gani?" akauliza kwa unyonge.

"Hawafungi," wakamjibu wazee.

Wakafunga. Krosi kutoka kulia, beki wa Jangwani akateleza, mshambuliaji akapiga kichwa, kipa akabaki anaangalia nyavu zinavyocheza.

Wazee wakaguna. Halafu, bila kuambiana, vichwa vyote vikanyanyuka kuelekea darini.

Kimya.

Feni ilizunguka. Huko barabarani wapagazi walikuwa wakipiga mbinja kuombea njia mikokoteni yao. Darini hapakusikika hata panya.

"Haya!" Mzee Umakant akaruka kitini. Alikuwa amesahau kwamba timu yake imefungwa. Furaha yake haikuwa ya kawaida. "Mmeona wenyewe! Yuko hapa, juu kimya! Leodegar, umesikia kitu?"

"Sijasikia," Leodegar akasema, na alisema kwa huzuni.

Kwa mara ya kwanza Shamsa aliliona akilini dirisha lake likiwa na pazia la mtu mwingine. Akataka kulia, akakataa kulia mbele ya jezi zile zote. Akainamisha macho chini.

Na huko chini ndiko alikokiona.

Bi Rekha alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, sinia mkononi, ameinamisha kichwa kama mfiwa. Lakini chini ya pindo la sari, mguu wake wa kulia ulikuwa na mambo yake. Ulipanda kidogo, ukashuka bila sauti. Ukapanda tena. Ukapanda mara ya tatu. Vikombe vikalia kidogo juu ya sinia, kisha vikatulia.

Mara tatu!

Shamsa ni mtu anayeishi kwa kuhesabu matundu madogo ya uzi kwenye kitambaa cheupe. Huyo humfichi mguu.

Mapumziko yalipofika, akamfuata Bi Rekha jikoni. Pale ukutani palikuwa na msumari, na ufunguo wa stoo ukining'inia. Ulikuwa umefungwa uzi mwekundu.

"Bi Rekha, mguu wako."

"Mguu wangu una nini, mwanangu?"

"Umepiga mara tatu."

Bi Rekha akafungua bomba, maji yakamwagika kwa kelele, akasogea karibu.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu. Ni wewe? Wiki zote hizi, ni wewe?"

Mama wa watu akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Nimezaliwa Mtaa wa Msimbazi, Shamsa, juu ya duka la baiskeli la baba yangu. Alikuwa ananibeba mabegani kwenda uwanjani. Jangwani wakifungwa, hata na nani, tunapiga mguu wa kulia mara tatu, yeye na mimi. Halafu nikaolewa huku. Siku ya harusi nilivaa nyekundu, ndiyo rangi ya bibi harusi kwetu. Mjomba wake Umakant akanitania, 'Hiyo ya leo tu, kesho uvue.' Nikavua. Nikanyamaza. Miaka yote nimenyamaza! Msimu huu nikanunua redio ndogo, nikaificha stooni. Nasema naenda Upanga, napanda ngazi moja. Naahidi kila mara kwamba leo nitakaa kimya. Mguu hausikii."

"Na mimi nafukuzwa kwa ajili ya mguu wako."

"Najua. Unadhani zile kachori nilikuwa naleta kwa nini?"

Shamsa akajikuta anataka kukasirika na kucheka kwa wakati mmoja. Kachori zote zile zilikuwa fidia!

"Ukimwambia, mimi nimekwisha," Bi Rekha akasema. "Usipomwambia, umekwisha wewe. Mwambie tu, mwanangu. Ni haki yako."

Alisema kwa moyo wote, na hapo ndipo alipomshinda Shamsa. Angemtaja vipi mwanamke anayejitoa mwenyewe hivi?

"Bi Rekha, achari huweka wapi?"

"Achari? Mitungi iko stooni."

"Basi wageni wako hawana achari. Panda ukawaletee. Ukifika huko, piga mguu mara tatu, ushuke. Yamekwisha."

Uso wa Bi Rekha ukang'aa. Akachukua ufunguo. Halafu akasimama.

"Bao liko wapi?"

"Bao gani?"

"La kupigia mguu."

"Piga bila bao!"

Bi Rekha akamtazama kama aliyeambiwa atie chumvi kwenye chai ya mgeni. "Hilo sitaweza, Shamsa. Kupiga bila bao ni uongo."

"Na Upanga je?"

"Upanga ni siri. Siri si uongo. Baba alinifundisha, mguu haunyanyuki bila bao. Nitakaa stooni na redio yangu. Wakifungwa tena, utanisikia. Wasipofungwa, nitashuka niseme mwenyewe mbele ya watu."

Akaenda zake. Shamsa akarudi kitini, roho mkononi. Sasa alikuwa na watu wawili wa kuwaokoa, na wote wawili walining'inia kwenye miguu ya vijana wa mkoani ambao hata hawamjui.

Kipindi cha pili kilikuwa mateso matupu. Jangwani wakaja juu. Wakakosa. Wakapiga mwamba. Wakasawazisha!

Ee bwana wee! Sebule ilipasuka. Wazee walikumbatiana, walirukaruka, walipiga miguu, mmoja akapanda juu ya stuli ya maua. Mzee Umakant alipiga meza mpaka vikombe vikaanguka. Kutoka ghorofa ya pili mtu akaanza kugonga dari kwa mpini wa fagio, akiomba amani.

Leodegar akaitazama sakafu, kisha akamtazama mlalamikaji wake mkuu, kisha akakohoa.

"Hizo si kelele, Mzee?"

"Hii ni furaha," Mzee Umakant akajibu, akihema. "Hujui tofauti?"

Dakika zikayoyoma. Mwamuzi wa akiba akanyanyua ubao wa dakika za nyongeza. Wazee wakaanza kuangalia saa, na mwenye nyumba akaanza kumwangalia Shamsa, tena kwa upole, kama mtu anayemuaga jirani.

"Binti, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Kule Mbagala kuna nyumba nzuri tu, zina hewa."

Hapo ndipo beki wa Jangwani, katika kuokoa mpira usio na hatari yoyote, alipoushika kwa mkono.

Filimbi ikalia. Mwamuzi akaonyesha kwa kidole.

Penalti.

Wazee wakajifunika nyuso kwa jezi. Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma. Shamsa hakujua amesimama saa ngapi. Kofia ilikuwa imeanguka, sindano hajui iko wapi, ngumi amezikunja kifuani, na sauti ambayo hakuijua ikamtoka kooni.

"Ingia! Ingia, baba! Ingiaaa!"

Ukaingia.

Puu! Puu! Puu!

Dari ilipigwa kama ambavyo haijawahi kupigwa. Vumbi la chokaa likashuka polepole, likatua ndani ya chai ya Mzee Umakant. Ngazini Mzee Bushiri alikuwa anapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

"Shamsa yuko hapa," Leodegar akasema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko alivyowahi kusema jengoni humo. "Mimi namwona. Nyote mnamwona. Shauri limekwisha. Binti anakaa!"

Shamsa akaanguka kitini akalia waziwazi, kicheko na machozi pamoja, uso ameufunika kwa mikono. Anakaa! Dirisha lake ni lake, na mahali pa bibi yake pako palepale.

Raha yake haikudumu.

"Basi ni nani?" Mzee Umakant alikuwa ameshafika mlangoni. "Sasa hivi hivi yuko juu! Leo namkamata mwenyewe!"

"Mzee, chai yako inapoa!" Shamsa akaruka.

"Ina chokaa!"

"Mzee, subiri, mpira haujaisha!"

"Kwangu umeisha!"

Akapanda ngazi mbili mbili, mzee wa umri ule, jezi inapepea. Shamsa nyuma yake, Leodegar nyuma ya Shamsa, wazee wa njano nyuma ya Leodegar, na Mzee Bushiri na redio akifunga msafara. Shamsa akajitahidi kumpita, akamshika mkono pale juu.

"Mzee wangu, nakuomba. Mimi nimekusamehe yote. Na wewe acha, tushuke."

Lakini mzee alikuwa ameshaona. Kufuli la stoo lilikuwa linaning'inia wazi, na ufunguo ndani yake, na uzi mwekundu kwenye ufunguo.

Akausukuma mlango.

Bi Rekha alikuwa amesimama juu ya robota la vitenge, sari ameipandisha mpaka vifundoni, redio kifuani. Juu ya mabega alikuwa amejizungushia kipande cha kitambaa chekundu kutoka kwenye majora ya mumewe mwenyewe. Miguuni pake palikuwa na mtungi wa achari.

Hata Mzee Bushiri alizima redio.

"Mama Akash," Mzee Umakant akasema hatimaye. "Dipti hajambo?"

"Sijui. Hatujaonana tangu ligi ianze."

Mzee akamtazama mkewe kuanzia vifundoni mpaka begani, akafika kwenye ule wekundu, akakwama hapo.

"Tangu lini?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Tangu kabla yako," akasema Bi Rekha.

Shamsa alidhani mzee ataanguka. Mzee alikaa tu juu ya jora la khanga, akavua miwani, akaifuta kwa jezi, akaivaa tena. Mkewe alikuwa palepale, na bado alikuwa mwekundu.

"Na ulikuwa unanipikia," akasema. "Siku zote ambazo tumefungwa, ulikuwa unanipikia biriani."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

Mzee Bushiri akajikohoza, akavua skafu yake, ile ambayo hajawahi kuivua mbele ya mtu, akainyoosha kwa mikono miwili. "Dada yangu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Karibu nyumbani."

"Hakaribii popote!" Mzee Umakant akasimama. "Jumamosi mnajua ni nini? Jumamosi ni watani! Jangwani na Msimbazi! Katika sebule yangu hakai mtu mwekundu, hata awe amezaa watoto wangu wote!"

"Nani kasema nataka sebule yako?" Bi Rekha akashuka kutoka kwenye robota, akakung'uta sari, akauokota mtungi wake wa achari. Hakuna aliyewahi kumwona ametulia hivi. "Shamsa mwanangu, nyumbani kwako Jumamosi kuna nafasi?"

Macho yote yakamgeukia Shamsa. Siku nzima alikuwa anapigania nyumba ya kimya. Akamtazama yule mama, na mguu wake wa kulia, na jicho lake lililojaa matumaini ya mtoto aliyebebwa mabegani.

"Ipo, Bi Rekha," akasema. "Karibu sana."

"Na mimi?" akauliza Mzee Bushiri.

"Na wewe, mzee."

"Na wenzangu? Si wengi. Ni hawa wa ngazini tu."

"Leodegar!" Mzee Umakant alikuwa ameshika kiuno. "Sikiliza. Nina malalamiko."

"Ya kelele, Mzee?"

"Ya kelele. Ghorofa ya nne. Kwa huyu binti."

"Kelele za lini?"

"Za Jumamosi!"

Leodegar akamgeukia Shamsa, taratibu, funguo zikilia mkononi. Alikuwa anasubiri Shamsa aape, kama alivyoapa kila mara, kwamba nyumbani kwake hakuna anayepiga kelele.

Shamsa akainamisha macho, akaziangalia ndala zake. Zilikuwa zimetulia sakafuni. Lakini ndani ya ile ya kulia, mguu ulikuwa umeshaanza kumwasha.